Trekta Dogo Lililokwisha Kutumika: Namna ya Kulichagua kwa Ajili ya Chama cha Msingi

Pamba inapokwisha kupimwa na ushuru wa chama kujulikana, aghalabu huzuka katika mkutano mkuu hoja ya kununua trekta. Hoja hiyo ni ya haki. Nguvu za vijana hazipatikani kama zamani, maksai hudhoofu kila ukame unapopita, na mvua za vuli hazimsubiri mtu. Hata hivyo bei ya trekta jipya ni kubwa mno kwa vyama vingi vya msingi vya mwambao wa Ziwa Viktoria, na kwa hiyo macho ya wanachama hugeukia lililokwisha kutumika: ama la zamani lililolima nchini kwa miaka mingi, ama dogo lililoletwa kwa meli kutoka Japani likiwa limepakwa rangi mpya. Somo hili limekusudiwa kuwasaidia makatibu na kamati zao kuchagua kati ya hayo, na kutambua wakati ambapo chama kisinunue lolote.

Nchi hii imepata kulipa ada ya somo hili mara mbili. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mpango mkubwa wa karanga huko Kongwa, na baadaye Urambo na Nachingwea. Matrekta mapya yalikuwa adimu baada ya vita, basi yakanunuliwa yaliyokwisha kutumika kutoka maghala ya majeshi, mengine yakitoka mbali hata Ufilipino. Mengi yalifika yakiwa yamechakaa, na kabla ya mwaka huo kwisha sehemu kubwa ilikuwa imelala ikisubiri spea na mafundi. Mpango ulivunjwa mwaka 1951, hasara ikiwa pauni milioni 36 hivi. Mara ya pili ilikuwa hapa hapa Usukumani. Shirikisho la Vyama vya Ushirika vya Victoria, lililoundwa mwaka 1955 chini ya uongozi wa Paul Bomani, lilikuwa miongoni mwa mashirika makubwa ya ushirika katika Afrika nzima. Lakini katikati ya miaka ya 1960 lilipoingia katika mashamba ya pamoja ya pamba yaliyolimwa kwa matrekta, gharama za kulima zilizidi mapato, matengenezo yakawa hafifu, na wakulima wakabaki na madeni. Kongwa kulikosekana ukaguzi. Usukumani kulikosekana hesabu. Kamati ya chama yahitaji vyote viwili.

Udongo na kazi kwanza

Mnunuzi asiye na uzoefu huanza kwa kuuliza bei. Ingefaa aanze kwa kutembea mashambani. Wazee wa Kisukuma wamekwisha kuugawa udongo kwa majina ambayo katibu hana haja ya kuyatafuta katika kitabu: luseni, ule mchanga mwepesi wa miinuko, itogolo, ulioko chini ya mteremko, wenye tabaka gumu linalozuia maji, na mbuga, mfinyanzi mweusi unaopasuka wakati wa kiangazi na kunata kama gundi wakati wa masika. Trekta la nguvu za farasi 20 au 25 litalima luseni bila shida. Litatayarisha majaruba ya mpunga yenye maji vizuri kuliko kubwa, kwa kuwa wepesi wake hulizuia kuzama, hasa likifungwa magurudumu ya chuma na zana ya visu vinavyozunguka. Litavuta tela la pamba au la matofali, litapeleka pampu ya maji ufukweni. Lakini likipelekwa kwenye mbuga kavu mwezi wa Oktoba, magurudumu yatazunguka mahali pamoja, klachi itaungua, na dereva atalaumiwa kwa kosa la kamati.

Jambo linalosahauliwa mara nyingi ni uzito. Nguvu ya injini haisaidii kitu iwapo trekta ni jepesi mno kushika ardhi. Matrekta madogo ya Kijapani yana uzito wa kilo mia saba hadi elfu moja na mia mbili hivi, na yalitengenezwa kwa mashamba madogo ya mpunga yenye udongo laini. Massey Ferguson 135, ambalo lilianza kuundwa mwaka 1964, lina nguvu za farasi 45 hivi na uzito unaokaribia tani moja na nusu. Hilo huvuta plau ya sahani mbili katika udongo mwingi wa mkoa huu. Plau ya sahani tatu yataka trekta la nguvu za farasi 60 au zaidi, na muuzaji anayedai kwamba dogo lake laivuta aombwe kuivuta mbele ya wanachama, shambani, wala si barabarani.

Yafaa pia kukumbuka mawe. Mwanza haikuitwa mji wa miamba bure, na mawe mengi zaidi yamejificha chini ya udongo kuliko yanayoonekana. Plau ya sahani hupanda juu ya jiwe na kuendelea; plau ya majembe hukwama na kuvunja kitu. Kwa chama chenye mashamba ya miinuko jibu la swali hilo ni moja tu.

Hesabu ya ekari

Ichukuliwe kwamba trekta dogo linalima upana wa nusu mita kwa mwendo wa kilometa 4 kwa saa. Kwa saa moja litageuza mita za mraba 2,000. Robo ya muda itapotea katika kugeuka, kuongeza dizeli na kusafisha plau, basi zabaki mita za mraba 1,500. Kwa siku ya saa nane za kazi hizo ni mita 12,000, yaani ekari tatu kasoro kidogo. Pamba hupandwa kuanzia katikati ya Novemba hadi katikati ya Desemba. Siku ambazo udongo hauna ukavu wa kupita kiasi wala tope hazizidi thelathini, hata zikiongezwa zile za mwanzo wa mvua. Kwa hiyo trekta hilo, likikaa bila kuharibika hata siku moja, litalima ekari 90 kwa msimu. Lenye nguvu za farasi 45 na plau ya sahani mbili litafikisha ekari 130 hivi.

Sasa chama chenye wanachama 240, kila mmoja akiwa na ekari tatu za pamba, kina ekari 720. Ekari 90 ni za wanachama 30. Katika kila wanachama wanane, mmoja atalimiwa kwa wakati na saba watatazama. Hapa ndipo vyama hugombana, wala si kwa sababu ya spea. Mwenyekiti atalimiwa kwanza, au itasemwa kwamba alilimiwa kwanza, na maneno hayo yataharibu zaidi kuliko injini iliyokufa. Basi utaratibu wa zamu uandikwe na kupitishwa na mkutano mkuu kabla ya fedha kutoka: kwa kura, au kwa kijiji, au kwa kufuata tarehe ya malipo ya awali, vyovyote wanachama wapendavyo, ilimradi uandikwe. Zipo kamati zilizofanya hesabu hii zikaona kwamba fedha zile zile zingenunua majembe ya kukokotwa na maksai kwa wanachama wengi zaidi. Jozi ya maksai hulima nusu ekari hadi ekari moja kwa siku, haihitaji dizeli, na hufanya kazi katika mashamba yote kwa wakati mmoja. Kamati iliyofikia uamuzi huo haikuonyesha woga, ilijua kuhesabu.

Trekta hulipa pale linapopata kazi nje ya msimu wa kulima. Tela wakati wa mavuno, majaruba wakati wa masika, mchanga na maji ya ujenzi wakati wa kiangazi. Likilima siku thelathini na kulala siku mia tatu, halitarudisha gharama zake.

Spea kabla ya sura

Kati ya trekta la zamani lenye sura mbaya na dogo la Kijapani linalong'aa, chama kinachonunua kwa mara ya kwanza chafaa kuchukua la sura mbaya, iwapo injini yake ni nzima. Sababu ni moja. Massey Ferguson za aina ya 135, 240 na jamaa zake zimelima nchi hii kwa vizazi viwili. Mafundi wa Mwanza wanazifahamu hata gizani, na aina hizo ziliendelea kuundwa Pakistani na India miaka mingi baada ya Uingereza kuziacha, kwa hiyo pistoni, klachi na gasketi zake huuzwa madukani hadi leo. Trekta la Kijapani lililokwisha kutumika aghalabu liliundwa kwa soko la Japani peke yake. Maandishi yake yote ni ya Kijapani, kuanzia kitabu hadi vibandiko vya gia, na namba ya aina yake yaweza isifahamike hata kwa wakala wa kampuni hiyo hiyo aliyeko nchini.

Hiyo si sababu ya kuyakataa yote. Kubota, Yanmar na Iseki ni mashine za uaminifu, hutumia dizeli kidogo, na mahali penye mpunga mwingi hakuna lingine litakalofanya kazi hiyo kwa bei hiyo. Lakini kabla ya kulipa, katibu achukue namba kamili ya aina ya trekta na ya injini, aende kwa wauza spea watatu, aulize vitu vinne: chujio la oili, sahani ya klachi, nozeli na seti ya gasketi. Akivipata viwili bila kuambiwa asubiri, aendelee. Akiambiwa kila kimoja kitaagizwa, arudi nyumbani na fedha za chama.

Yapo mambo mawili ya matrekta hayo ambayo hata mafundi wazuri huyapitia bila kuyaona. Shafti ya nyuma inayozungusha zana huwa na gia kadhaa, na zile za juu huzunguka kwa kasi inayozidi sana mizunguko 540 kwa dakika ambayo zana nyingi zimeundiwa. Zana ikifungwa katika gia isiyofaa huweza kupasuka na kuua mtu. La pili ni magurudumu ya mbele katika yale yanayosukuma kwa magurudumu yote manne. Ukubwa wa tairi za mbele na za nyuma umepangwa kwa uwiano maalumu. Mwenye nalo akibadilisha tairi za mbele kwa zozote alizopata, gia za mbele husagika kimyakimya, na mnunuzi ndiye atakayesikia mlio wake.

Siku ya ukaguzi

Kamati ifike asubuhi na mapema, bila kutoa taarifa ya saa, pamoja na fundi aliyechaguliwa na chama na kulipwa na chama. Fundi aliyependekezwa na muuzaji ni fundi wa muuzaji. Halmashauri nyingi zina mtaalamu wa zana za kilimo, na walimu wa chuo cha kilimo cha Ukiriguru hawako mbali. Ada ya siku moja ya mtu kama huyo ni ndogo mno ikilinganishwa na injini.

Mkono uwekwe juu ya injini kabla ya salamu kwisha. Ikiwa ya moto, mwenye nayo ameiwasha mapema kwa sababu haipendi kuwaka ikiwa baridi, na kamati ina haki ya kurudi siku nyingine. Ikiwa baridi, kifuniko cha rejeta kifunguliwe wakati huo huo, kwa kuwa baadaye kitaunguza. Maji yenye utando wa oili ni dalili mbaya. Oili yenye rangi ya maziwa kwenye kijiti cha kupimia ni dalili mbaya zaidi, maana maji yameingia ndani. Oili mpya kabisa katika trekta chafu nayo iulizwe: ni nani aliyeibadilisha jana, na kwa nini?

Kisha injini iwashwe, na watu wote watazame bomba la moshi. Moshi mweupe kidogo wakati wa asubuhi si kitu, lakini ukiendelea baada ya injini kupata moto, ama dizeli haiungui vizuri ama maji yanaingia kwenye silinda. Moshi wa bluu ni oili inayoungua, yaani pistoni au ringi zimekwisha. Moshi mweusi huja trekta linapozidiwa na mzigo, na ukija bila mzigo chujio la hewa limeziba au nozeli zimeharibika. Hilo ni tatizo dogo na laweza kuwa sababu ya kupunguza bei. Kifuniko cha kujazia oili kiinuliwe injini ikiwa inanguruma. Hewa ikitoka kwa nguvu na kwa mapigo, kama mtu anayehema baada ya kukimbia, hata oili ya bei gani haitaiponya.

Trekta lifanye kazi kwa saa nzima, likilima. Makosa makubwa hujificha wakati wa baridi. Oili ikipata moto huwa nyepesi, na hapo pampu ya haidroliki iliyochoka huonekana: plau iinuliwe, injini izimwe, na muda upimwe. Kushuka polepole kwavumilika. Kuanguka upesi hakuvumiliki. Saa ya shinikizo la oili isomwe tena injini ikiwa ya moto na ikizunguka taratibu. Ili kupima klachi, breki zikanyagwe barabara, gia ya juu iingizwe, na klachi iachiliwe: injini yapasa kuzimika. Ikiendelea kuzunguka, klachi imekwisha, na kuibadilisha ni kulitenganisha trekta vipande viwili katikati, kazi ya siku kadhaa. Kisha literemshwe mlimani kwa kila gia bila kukanyaga mafuta. Gia inayochomoka yenyewe haitatulia kwa ahadi ya muuzaji, na trekta lenye tela lililochomoka gia mteremkoni limekwisha kuua madereva wengi.

Saa inayohesabu muda wa kazi isiaminiwe. Hubadilishwa kwa dakika chache, na nyingi zilikufa zamani. Viungo ndivyo vinavyosema ukweli: mpira wa pedali ya klachi uliolika hadi chuma, tundu za kufungia tela zilizopanuka zikawa na umbo la yai, usukani unaozunguka robo nzima kabla magurudumu hayajageuka. Trekta linaloonyesha saa 900 lenye viungo hivyo limefanya kazi saa elfu kadhaa. Mbele painuliwe kwa jeki na magurudumu yatikiswe kwa mikono. Rangi mpya ikwanguliwe kidogo pale injini inapoungana na giaboksi na pale ekseli ya mbele inaposhikiliwa, kwa kuwa hapo ndipo nyufa na uchomeleaji hufichwa. Tairi za nyuma zitazamwe ubavuni kuliko kwenye meno, maana meno yaliyosimama juu ya mpira uliopasuka ni bure, na bei ya jozi moja yaweza kuzidi bei ya matengenezo ya injini.

Kuna ugonjwa mmoja wa matrekta ya mwambao. Madereva wengi huyaingiza ziwani kuyaosha, maji yakafika kwenye vitovu vya magurudumu, na bearingi zikaanza kutu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 yakataza shughuli za kuathiri mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, na oili iliyomwagika humo hurudi kwa wavuvi. Lakini mnunuzi atazame pia faida yake mwenyewe, afungue vitovu vya mbele na kuangalia kama grisi ni safi au imekuwa kahawia.

Karatasi na fedha

Kadi ya usajili isomwe mbele ya trekta, namba ya chasisi na ya injini zikilinganishwa herufi kwa herufi. Matrekta mengi yaliuzwa kwa mkopo, na lililo na deni la watu laweza kuchukuliwa kutoka mikononi mwa chama kilicholipa kwa nia njema. Asiye na kadi ya asili asilipwe hata shilingi ya kishika uchumba. Mkutano mkuu utoe idhini, kumbukumbu ziandikwe, na iwapo fedha ni za mkopo, ukomo wa madeni wa chama uwe umekwisha kuidhinishwa na Mrajis, kama Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013 inavyotaka. Malipo yapite benki.

Fedha zote za chama zisimalizwe katika bei. Robo ya bei, wala isipungue, ibaki katika akaunti kwa ajili ya matengenezo ya msimu wa kwanza, kwa maana hakuna trekta lililokwisha kutumika lisilodai kitu mwaka wa kwanza. Kamati iliyo na fedha za trekta bila robo hiyo ina fedha za trekta lenye bei ndogo zaidi.

Linapofika chamani, daftari la trekta lifunguliwe siku hiyo hiyo, likiwa na jina la dereva, saa za kazi, lita za dizeli, ekari na jina la mwanachama aliyelimiwa. Trekta la nguvu za farasi 25 hunywa lita 3 hadi 5 kwa saa ya kulima. Daftari likionyesha 8, ama injini ina ugonjwa ama dizeli inauzwa njiani, na katibu atajua aanze kuuliza wapi. Oili zote za injini, giaboksi na haidroliki zibadilishwe kabla ya kazi ya kwanza, kwa kuwa hakuna ajuaye zilizomo ni za lini. Baada ya saa kumi za kulima chujio la oili lifunguliwe, likatwe, na karatasi yake itandazwe juani juu ya kitambaa cheupe. Masizi meusi ni ya kawaida. Vipande vinavyometa vya chuma au vya shaba viwekwe katika kopo na kupelekwa kwa fundi siku hiyo hiyo, na trekta lisiwashwe mpaka atakapojibu.